Chumvi Kutoka Nchi ya Theluji

Mwezi wa Juni mwaka 2016, lori dogo la tani 2, lililokuwa limebeba ufuta kutoka vijiji vya Ruangwa, lilivunjika mgongo likiteremka kuelekea Nanganga. Halikupinduka wala halikugonga kitu. Chesisi, yaani zile boriti mbili za chuma zinazobeba gari zima, zilikatika nyuma kidogo ya kabini, kwanza ya kushoto, kisha ya kulia, bodi likakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Mpwa wangu aliyekuwa akiendesha alivunjika mkono. Utingo aliruka akasalimika. Magunia ya ufuta yalipasuka, na mali ya watu ikamwagika vumbini.

Lori hilo lilikuwa letu sote wawili. Mimi nilitoa sehemu ya kiinua mgongo changu, yeye akatoa leseni na nguvu za ujana wake. Nilipofika pale barabarani nikamkuta amekaa chini ya mti, mkono umefungwa kwa kanga. Badala ya kumpa pole kwanza, nilimuuliza mbele za watu, "Umepakia magunia mangapi?" Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, yale yale ya siku zote." Sikumwamini. Nikamwambia kuwa tamaa ya nauli ndiyo iliyolivunja gari. Maneno hayo niliyasema kwa sauti ya mwalimu mkuu, ile sauti iliyozoea kusema bila kujibiwa. Makala haya yameandikwa kwa sababu ya maneno hayo.

Siku ya pili tulimleta fundi kutoka Nachingwea, mtu mzima wa makamo, msemaji mchache. Hakuuliza habari za magunia. Alichukua nyundo ndogo akaanza kuigonga chesisi tangu mbele hadi nyuma, huku akisikiliza. Palipokuwa pazima chuma kililia kama kengele. Palipokuwa pabovu kilitoa mlio mfu, kama gome la mti mkavu. Kisha akachukua bisibisi akaichoma boriti karibu na mahali ilipokatika, nayo ikazama. Rangi nyeusi ilidondoka ikiwa nzima, kama ganda la yai, na nyuma yake zikatoka tabaka za kutu, moja juu ya nyingine, mithili ya maganda ya kitunguu.

"Mwalimu," akasema, "kutu hii si ya mvua zetu. Gari hili limekula chumvi nyingi kabla halijafika hapa."

Watu walicheka, kwani kwetu mtu aliyekula chumvi nyingi ni mzee aliyeishi miaka mingi na kuona mengi. Lakini fundi hakuwa akitania. Akatuonyesha kuwa kutu ilianzia ndani ya boriti, mahali ambapo tope la barabara zetu lisingeweza kufika kwa wingi kiasi kile katika miaka mitatu. Basi nikajiuliza: Nanganga iko bara, bahari iko mbali huko Lindi na Mtwara. Chumvi hiyo ilitoka wapi?

Jibu lilikuwa limebandikwa ndani ya mlango wa dereva tangu siku tuliponunua gari. Ilikuwa karatasi ndogo yenye maandishi ya Kijapani, ya kumkumbusha mwenye gari siku ya kubadili oili. Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, aliyewahi kusoma Japani, alipigiwa picha ya karatasi ile akatusomea. Gereji iliyoibandika ilikuwa katika mji wa Asahikawa, kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Huko ndiko kulikopimwa, tarehe 25 Januari 1902, baridi ya nyuzi 41 chini ya sifuri. Gari letu lilikuwa limekulia kwenye theluji.

Msomaji ambaye hajatoka katika nchi zetu za joto atauliza: theluji na chumvi vina uhusiano gani? Uhusiano ni huu. Maji safi huganda katika nyuzi sifuri. Ukiyatia chumvi hukataa kuganda mpaka baridi iwe kali zaidi, na yakishiba chumvi vizuri yanaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwa hiyo watu wa nchi za baridi humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke na magari yasiteleze. Katika Marekani, jimbo la New Hampshire lilianza kuijaribu mwaka 1938, na katika majira ya baridi ya 1941 na 1942 likawa jimbo la kwanza kuifanya kuwa utaratibu wa kawaida. Baada ya Vita Kuu ya Pili barabara kuu zilipoongezeka na kila familia ikataka kusafiri hata siku ya theluji, chumvi ikaenea kote. Uingereza huichimba ardhini, hasa katika machimbo ya Winsford. Marekani peke yake siku hizi humwaga mamilioni ya tani kwa mwaka.

Japani nayo ina kisa chake. Zamani madereva wa maeneo ya theluji walitumia matairi yenye vijino vya chuma ili kung'ata barafu. Vijino hivyo vilikwangua lami, vumbi likajaa mijini, na watu wakalalamika kuwa wanaugua vifua. Mwaka 1990 ilitungwa sheria ya kuzuia vumbi hilo, na matairi yale yakapigwa marufuku. Ilikuwa sheria njema. Lakini barafu haikuondoka kwa sababu sheria imepita. Barabara ziliteleza zaidi, na dawa iliyopatikana ikawa ni kuongeza chumvi. Hivyo mapafu ya watu yakapona, na matumbo ya magari yakaanza kuliwa.

Sasa inanibidi nitubu jambo. Kwa miaka mingi nilifundisha somo la kutu darasani. Nilikuwa na chupa nne na misumari minne. Msumari wa kwanza niliuweka katika chupa kavu iliyozibwa. Wa pili niliutia katika maji yaliyochemshwa, kisha nikamwaga mafuta juu yake ili hewa isiingie. Wa tatu niliuweka katika maji ya kawaida, na wa nne katika maji ya chumvi. Baada ya juma moja watoto waliona wenyewe: misumari miwili ya kwanza mizima, wa tatu una kutu, wa nne umechakaa kuliko wote. Waliandika katika daftari kwamba kutu huhitaji chuma, maji na hewa, na kwamba chumvi huiharakisha. Niliwapa alama ya vema.

Niliwaeleza pia sababu. Chumvi yenyewe haili chuma. Kutu ni kazi ya umeme mdogo sana unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na maji ndiyo njia yake. Maji matupu ni njia mbaya, maji ya chumvi ni njia nzuri. Aidha, ile kloridi iliyomo ndani ya chumvi huubomoa utando mwembamba ambao chuma hujifunika nao kujilinda. Kisha kutu inayozaliwa huvimba, hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, ikapanua maungio ya bati na kuingiza maji zaidi. Yote hayo niliyajua kwa moyo. Lakini mwaka 2013, nilipokwenda Dar es Salaam kulichukua lori letu, fundi mmoja wa mtaani alijitolea kuingia chini na bisibisi kwa ujira mdogo, nami nikamkatalia. Niliinama kidogo, nikaona chini pameng'aa rangi nyeusi mpya, nikaridhika. Msumari wa nne ulikuwa mbele ya macho yangu, umepakwa rangi.

Ndugu msomaji, mtu aweza kudhani kuwa gari likishatoka kwenye theluji limeokoka, kwa vile kwetu hakuna wa kumwaga chumvi barabarani. Mambo ni kinyume. Chumvi iliyojificha ndani ya boriti na katika maungio haiondoki kwa sababu gari limepanda meli. Na mama yeyote wa pwani anajua kwamba kikopo cha chumvi hulowa wakati wa masika bila mtu kukitia maji, ndiyo maana huweka humo punje za mchele. Chumvi ya kawaida huanza kuyavuta maji hewani unyevunyevu unapofika karibu asilimia 75. Zipo nyingine zimwagwazo barabarani, kama kloridi ya magnesiamu, ambazo huvuta maji hata unyevunyevu ukiwa asilimia 33 tu. Katika baridi kali ya Hokkaido kutu hutembea taratibu, kwani baridi huchelewesha kila kazi ya kemia. Likifika gari bandarini kwetu, penye hewa nzito ya bahari na joto la nyuzi 30, chumvi iliyokuwa imesinzia huamka. Sisi huanza kulitumia gari, na kutu nayo huanza kazi yake kwa bidii zaidi.

Wala hii si mara ya kwanza kwa pande zetu za kusini kupokea chuma kilichokwisha kuchoka mahali pengine. Nilipokuwa mtoto, wazee waliofanya kazi katika Mpango wa Karanga walikuwa bado wana nguvu, na hadithi zao ndizo zilikuwa redio yetu. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, achunguze kama karanga zingeweza kulimwa huku kwa mashine, kwa kuwa Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Wakapanga kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Sehemu tatu za Tanganyika zikachaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ikajengwa reli, ikachimbwa bandari ya kina huko Mtwara.

Lakini matrekta mapya yalikuwa adimu. Basi wakanunua yaliyoachwa na jeshi la Marekani katika visiwa vya Ufilipino, yaliyokuwa yamekaa bila matunzo katika joto na hewa ya bahari. Mengi yaliletwa Kongwa, na kabla ya mwaka 1947 kwisha sehemu kubwa ya matrekta yalikuwa yamesimama. Hata vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umeshindwa, baada ya kupotea kiasi cha pauni milioni 36. Reli ya Nachingwea ilifungwa mwaka 1962, baadaye ikang'olewa, na sisi watoto tukabaki kucheza juu ya tuta lake.

Sisemi kwamba kutu ndiyo iliyoua karanga. Udongo mgumu, mvua zisizotabirika, uhaba wa vipuri na haraka ya wakubwa vilitosha kuziua. Nasema tu kwamba walionunua matrekta yale walifanya kosa lile lile nililolifanya mimi kwa lori moja: walihesabu mashine zilizopo, hawakuuliza zilikuwa wapi jana.

Tena aibu yangu ni kubwa kuliko yao, kwa sababu mimi ni mtoto wa nchi inayopakana na bahari, na watu wa pwani yetu walilijua suala la chumvi na chuma karne nyingi kabla ya magari. Huko Lamu na visiwa vya jirani waliunda mtepe, jahazi ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma hata mmoja. Na hata vyombo vya misumari havikuachwa hivi hivi. Vilivutwa pwani, vikakwanguliwa, vikaachwa vikauke, ndipo vikapakwa mafuta ya papa, yale yaitwayo sifa, na sehemu ya chini ikapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Angalia mpango wa kazi: kwanza kusafisha, pili kukausha, tatu kupaka. Hakuna nahodha aliyepaka deheni juu ya uchafu ili chombo kipendeze mbele ya mnunuzi.

Watengenezaji wa magari nao walifika huko huko kwa njia ndefu. Land Rover, lililoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, lilipewa bodi la aluminiamu kwa sababu chuma cha pua kilikuwa kikigawiwa kwa kibali katika Uingereza baada ya vita. Bodi hilo halikushika kutu, nasi tukalisifu kuwa gari la milele. Lakini chesisi yake ilikuwa ya chuma, nayo ilioza kama chuma kingine. Katika miaka ya 1970 na 1980 kampuni kama Porsche na Audi zilianza kupaka mabati ya magari yao zinki, ambayo huliwa kwanza ili chuma kisalimike. Jambo hilo si geni kwetu. Bati la nyumba ni chuma kilichovikwa zinki, na kila mwenye nyumba anajua kuwa bati la Mikindani, karibu na bahari, halizeeki sawa na bati la Nachingwea.

Vijana wetu wanaoishi Toronto au Minneapolis hunipigia simu wakiulizia magari yao, maana wao ndio wanaokanyaga chumvi kila mwaka kuanzia Novemba. Ninawaambia yale niliyojifunza kwa hasara. Osha gari chini, si juu tu, kwa maji mengi yasiyo na chumvi, kila baridi inapolegea na barabara kukauka. Usiliache likiwa limelowa chumvi ndani ya banda lenye joto, kwani joto ndilo linaloamsha kutu. Matundu ya kutolea maji chini ya milango na ndani ya boriti yazibuliwe. Kabla ya majira ya baridi, gari likiwa safi na kavu, nyunyizia mafuta au nta ndani ya boriti, penye giza, maana mchezo wote huchezwa gizani. Mkwaruzo ukitokea, upakwe rangi mapema. Mafuta yarudiwe kila mwaka, kama vile sifa ilivyorudiwa kila msimu.

Kwa anayenunua huku nyumbani, agizo langu ni fupi. Uliza gari limetoka sehemu gani, si nchi gani tu. Lipie fundi aingie chini na nyundo na bisibisi, hata kama muuzaji atanuna. Rangi nyeusi mpya chini ya gari la miaka 15 ikutie shaka, isikutie furaha. Ukishalinunua, liingize mpira wa maji safi ndani ya boriti mpaka maji yatoke meupe, liache juani siku kadhaa, ndipo lipakwe mafuta. Ukipaka mafuta au rangi kabla ya kuosha, umeifungia chumvi ndani pamoja na chakula chake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, lakini nami ningeongeza kuwa ukiziba ufa bila kuondoa kilichomo ndani, utajenga ukuta huo huo baadaye kidogo.

Nirudi kwa mpwa wangu. Baada ya fundi kumaliza maneno yake pale Nanganga, kila mtu alielewa kuwa magunia hayakuwa na hatia. Mpwa wangu hakusema neno. Aliniangalia mara moja tu, kisha akatazama barabara. Katika desturi zetu mjomba hamwombi mpwa wake radhi mbele za watu, naye hakuitarajia. Nilirudi nyumbani nikakaa na jambo hilo usiku kucha. Nilikumbuka wanafunzi niliowaadhibu kwa ushahidi mdogo kuliko ule niliomhukumu nao yeye. Nilikumbuka jinsi rangi nyeusi ilivyodondoka ikiwa nzima.

Kesho yake nilikwenda wodini alikolazwa. Ndugu wengine walikuwepo. Nikamwambia, "Baba, jana nilikutuhumu bure. Kosa ni langu tangu Dar es Salaam." Alisema, "Yamekwisha, Mjomba." Nikamwambia hayajaisha, kwa sababu niliyasema barabarani na watu walisikia. Mkono wake ulipopona tulikwenda wote Nanganga, tukapita kwa wenye ufuta, mmoja mmoja. Nikawaeleza kuwa dereva hakuzidisha mzigo, na kuwa hasara ya magunia yao nitailipa mimi kidogo kidogo kutoka kwenye pensheni. Ilinichukua misimu miwili kuimaliza.

Lori liliuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo. Barabara ile ya Nanganga hadi Ruangwa imekuwa ikijengwa kwa lami miaka hii ya karibuni, na mpwa wangu sasa huendesha gari la mtu mwingine. Juzi alipita nyumbani kunisalimu. Kabla ya kuondoka alitandika gunia chini, akaingia uvunguni mwa gari na nyundo ndogo, nikamsikia akigonga kutoka mbele hadi nyuma. Nilikaa barazani nikisikiliza naye. Kililia kama kengele mahali pote, isipokuwa pamoja nyuma ya gurudumu la kulia, na hapo aligonga mara tatu, akatoka, akachukua kalamu mfukoni mwangu akapatia alama.

Mimi sasa nimekula chumvi nyingi, kwa maana ile ya wazee. Naona heri mtu agongwe na kusikilizwa angali mzima, kuliko kusubiri mteremko wa Nanganga.